Miguu ya piano ya zamani: nimepeleka Katwe, kazi safi

Kama una piano ya umeme ya zamani, zile za kufunga miguu minne kwa kuzungusha chini, soma hii kwanza kabla hujatoa pesa. Yetu ya kanisani hapa Kampala ililetwa na wageni kutoka Ujerumani, ikafika bila miguu, miaka yote tunaiweka kwenye meza ya chakula na anayepiga mabega yanamuuma. Nikaenda duka moja mjini nikaambiwa miguu hii inaingia piano yoyote ile, nikaamini, shilingi 120,000 zikaenda.

Kufika kanisani mguu ukaingia kwa mkono raundi nne tano huku unachezacheza, halafu ukakaza ghafla. Tukachukua spana tukalazimisha, ndo kosa kubwa hilo, maana unga wa chuma ulianza kudondoka sakafuni unang'aa, na bamba linaloshika mguu likaanza kuachia mbao. Niliumia sana. Duka wakakataa kurudisha hela.

Kesho yake nikafungua lile bamba na jingine zima, nikapanda boda mpaka Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma hapa Kampala, kwa fundi wa leithi (mashine ya kuzungusha chuma na kukichonga) niliyeelekezwa na mpiga ngoma wetu. Mzee hata hakuwasha mashine. Alitoa kale kageji kenye meno kama kichanuo, akakalaza kwenye thredi ya mguu, yaani yale meno ya kuzungushia, akatazama mwanga ukipita katikati, kisha akachukua bolti ya emu kumi (M10) kwenye kopo lake akaizungusha kwenye bamba zima kwa vidole viwili ikaenda mpaka mwisho bila kucheza. "Ssebo, piano yako ni milimita, miguu uliyouziwa ni ya inchi." Yaani emu kumi ina unene wa milimita 10 na jino mpaka jino ni 1.5, ile ya inchi, tatu juu ya nane (3/8), unene wake ni kama milimita 9.5 na jino mpaka jino ni karibu 1.59. Kwa macho huoni tofauti kabisa, inaingia kwanza kwa sababu ni nyembamba, halafu kila raundi meno yanazidi kupishana mpaka yanakula chuma.

Alikata vichwa vya miguu, akachomelea vipande vya emu kumi, akavinyoosha kwenye leithi, akasawazisha bega la mguu, pale unapopanuka thredi inapoishia, likalie bamba lote. Hapo alisisitiza sana kwa sababu miguu hii inasimama imeinama kwa nje, bega lisipokaa uzito wote unaangukia thredi. Bamba lililoumia akalipitishia tepu upya, kile chuma cha kukatia meno ndani ya tundu. Jumla 80,000, nilisubiri toka saa nne mpaka saa kumi, na rangi hapaki, utapaka mwenyewe.

Kuna rafiki alitaka kunipa miguu ya Rhodes, aina nyingine ya piano ya umeme, mzee akasema hiyo ni ya Marekani, ijaribiwe kwa vidole tu, ikigoma acha. Na msipeleke picha ya simu, pelekeni bamba lenyewe.

Jumapili tumepigia piano ikiwa imesimama, haitikisiki hata dada yetu anapokandamiza pedali. Mguu wa nyuma kulia tu unahitaji kipande cha mpira, sakafu yetu imebonyea pale, Jumatano nitautafutia.