Dume nyota tano, mwenye dume sijui nimpe ngapi

Dume mwenyewe hana kosa. German Shepherd mtulivu, mgongo umenyooka, anamsogelea jike kwa adabu, akikoromewa anarudi nyuma na kungoja. Angekuwa anaishi peke yake ningempa nyota zote. Lakini huduma ya dume, yaani kulipia dume apande jike wako, si dume tu, na wanaomtunza huko nje kidogo ya Nairobi wamenikera hadi leo.

Kilichoniudhi ni ndoo. Mbwa wamepandana vizuri, wamenasana, wamegeuziana mgongo kama kawaida. Kijana wa banda akaona wamekaa mno, akaja na ndoo ya maji baridi akawamwagia. Jike akalia, akaruka, akamburuta dume kwenye saruji. Kumpigia simu mwenye dume (hakuwepo, na alijua fika tunakuja), jibu lake likawa: "Boss, mbwa ni mbwa tu."

Sasa wewe unayelipwa ada ya dume na hujui kunasana ni nini, unauza nini? Shina la uume wa mbwa huvimba likishaingia, misuli ya jike inalibana, na hapo hawaachani mpaka uvimbe ushuke wenyewe. Dakika 5, dakika 20, hata nusu saa si ajabu. Maji hayashushi chochote, yanawashtua tu wavutane. Wakivutana jike anaweza kuchanika ndani, na dume, ambaye uume wake una mfupa, naye anaweza kuumia vibaya. Kazi ya watu hapo ni ndogo: mmoja ashike kola ya jike asikae chini wala kujibiringisha, mwingine amtulize dume, na midomo yenu ifungwe. Wakiachana, dume akaguliwe kama uume umerudi wote ndani ya ngozi yake. Nywele zikiuzuia ukabaki nje, unakauka, unavimba, na hapo ni kukimbilia kwa daktari wa mifugo. Kijana alikuwa ameshaondoka na ndoo yake. Mteja ndiye aliyemkagua dume wa watu.

Kijana simlaumu sana, hakufundishwa. Lakini mwenye dume anayepokea M-Pesa kabla hata ya kufungua geti, halafu siku yenyewe hayupo!

Tarehe nayo alitaka kuipanga yeye: "Mlete siku ya kumi," kwa kuwa dume alikuwa na mteja mwingine baadaye. Wapo majike wanaotoa mayai mapema, karibu siku ya 5 ya joto (msimu wa jike wa kupandwa), na wapo wanaovuka siku ya 20. Kipimo cha damu ndicho kinachosema: projesteroni, homoni ya uzazi, ikifika takriban nanogramu 5 kwa mililita, mayai yanatoka. Unayapa kama siku 2 yakomae, unapandisha, na ukitaka kurudia unaacha saa 48. Majibu ya maabara nilimtumia WhatsApp. Tiki za buluu, kimya. Tulibishana ndipo akasogeza.

Halafu karatasi. Kipimo cha Brucella, bakteria wanaoambukizwa kwa kupandana, cha jike alikidai mapema, na hapo alikuwa sahihi kabisa, nampa haki yake. Kuomba cha dume ikawa nimemvunjia heshima: "Huyu ameshazalisha sana." Si ndiyo sababu hasa ya kumpima? Dume anayepanda majike wengi ndiye anayeokota na kusambaza, na ugonjwa huo hauna tiba ya kuaminika na unaambukiza hata binadamu. Nikaoneshwa karatasi ya zamani, ya kabla hajapanda nusu ya majike anaojisifia. Mpya "inakuja". Afadhali dume alikuwa safi kwa ule uvimbe wa sehemu za siri unaohama kwa kupandana, ule unaofanana na koliflawa inayovuja damu. Huo kuukagua hakuhitaji maabara, unavuta ngozi nyuma na kuangalia mpaka kwenye shina.

Skani imeonesha watoto, mioyo inapiga. Mwenye dume katuma "Si umeona?" na vidole gumba kadhaa. Haki ya Mungu nilitaka kuongeza nyota. Ila Brucella huharibu mimba baadaye, mara nyingi kati ya siku ya 45 na ya 55, kwa hiyo skani ya wiki ya nne haijajibu nilichouliza. Karatasi iko wapi?

Usiende kwake. Au basi nenda, kama mwenyewe atakuwepo na ndoo zimefungiwa stoo, maana dume mwenye tabia ile humpati kirahisi. Hapana, hata hivyo usiende kabla hujaishika karatasi mpya mkononi. Jina lake silitaji kwa sababu bado nahitaji sahihi yake kwenye fomu ya kusajili watoto. Nyota tatu kwa sasa. Akishasaini nitazirudia kuzihesabu.