FAOSTAT kwa anayelinganisha Kanada na Finland kwenye karatasi za magazeti: iko poa, ila tiki na tani

Kama una kazi ya chuo au unaandika stori ya biashara na unataka kujua Kanada na Finland nani alikuwa anaingiza hela nyingi kwa kuuza nje karatasi za magazeti na lini mambo yakaanza kwenda kombo, usikimbilie kununua ripoti, ingia FAOSTAT, hifadhidata ya takwimu ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), ni bure. Unaenda upande wa misitu, unachagua nchi zako mbili, unatafuta Newsprint (Kiswahili humo hamna, zoea tu), unachukua miaka yote, unadaunlodi faili unafungua na Excel. Data zinaanzia 1961 bana! Hapo inaiacha mbali Comtrade (hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa) ukiingia na ile namba 4801 ya karatasi za magazeti, kwa sababu mfumo wenyewe wa HS, yaani namba za bidhaa za forodha, umeanza 1988. Ila ukitaka kujua mzigo ulienda kwa nani, Comtrade ni nzuri sana, utaona jinsi Kanada ilivyomtegemea Mmarekani.

Sasa wengi wanapopotea ni kwenye dola. Kwanza thamani imeandikwa kwa maelfu ya dola, ukikuta 500,000 hiyo ni milioni 500, nimeona watu wanaweka kwenye slaidi vilevile ilivyo yaani aibu. Pili ni dola za mwaka husika, mfumuko wa bei haujatolewa, so dola ya 1975 na ya 2015 ziko kwenye mstari mmoja kana kwamba zinanunua kitu kilekile. Tatu, na hii ndo inauma kwa Finland, wao wanatumia yuro, na yuro mwaka 2001 ilikuwa chini ya dola moja halafu katikati ya 2008 ikakaribia dola 1.60, kwa hiyo mstari wa Finland unaweza kupanda vizuri tu kwenye chati bila kiwanda kuongeza hata roli moja.

Dawa yake iko humohumo, tiki pia kiasi cha mauzo ya nje kwa tani, kisha gawanya thamani kwa tani upate bei ya wastani. Mfano 2018 Marekani iliweka ushuru kwa karatasi za Kanada mwezi wa kwanza, bei ikapanda, mpaka Agosti tume yao ya biashara ikaufuta. Mwaka kama huo ukisoma dola peke yake umeliwa. Na Finland kwenye miaka ya mwisho usishangae kuona inaporomoka, kampuni ya karatasi ya UPM walifunga kiwanda cha Kaipola mwishoni mwa 2020 na ndo kilikuwa cha mwisho kutengeneza karatasi za magazeti nchini humo. Huo sasa ni mporomoko wa kweli, sio mchezo wa yuro.

Angalia pia safu ya alama pembeni, kuna namba rasmi na kuna za makadirio, mi za makadirio huwa nazipaka rangi tofauti kabisa.

Nyota nne kati ya tano. Ukitaka kumbadilisha Finland umweke Mrusi sawa, lakini anzia 1992, kabla ya hapo utakuta Umoja wa Kisovieti mzima, na Ubelgiji nayo mpaka 1999 imeunganishwa na Luxembourg.