Uzoefu wangu na lenzi ya makro ya zamani, eti "tatizo ni mpiga picha"

Nimeshaandika nyota moja nikafuta, nikaandika nne nikafuta tena, kwa hiyo ngoja nieleze tu ilivyokuwa halafu mwishoni tuone hasira imeishia wapi.

Kama miezi mitatu nyuma, au minne, sikumbuki vizuri, niliagiza mtandaoni lenzi ya makro ya zamani (makro ndio kupiga vitu vidogo kwa karibu sana), ile ya kuzungusha fokasi kwa mkono, milimita 50, ya kufunga kwa skrubu ya M42, mfungo wa kamera za filamu za zamani. Chapa siitaji kwa sababu lenzi yenyewe maskini haina kosa, walioitengeneza walijua kazi yao, mwenye kosa ni binadamu aliyeniuzia. Maelezo yake yalisema "hali ya juu kabisa, kioo safi, hakuna fangasi, adapta ya kamera yako ipo ndani ya boksi, unafunga unapiga". Unafunga unapiga! Shikeni hayo maneno, nitayarudia.

Najua kuna mtu ataniuliza kwa nini nihangaike na chuma cha miaka hiyo wakati lenzi mpya zipo. Ndugu yangu, ukimkaribia mdudu mpaka anajaa kwenye fremu otofokasi, ile fokasi ya kamera kujitafutia, inaanza kwenda mbele inarudi nyuma inaenda mbele, mdudu anaondoka, otofokasi bado inatafuta, mwishowe unaizima. Sasa kama naizima nailipia ya nini? Kwenye hizi za zamani ringi inazunguka safari ndefu, unaweza kuisogeza unywele mmoja tu. Na ukweli ni kwamba kwenye makro hata ringi yenyewe huigusi sana, unaweka ukubwa unaoutaka halafu unasogea wewe, unainama kidogo, unashusha pumzi, unabonyeza. Kamera za siku hizi zisizo na kioo cha ndani zimerahisisha mambo mno, unakuza picha kwenye skrini, kingo zilizoshika fokasi zinawaka rangi, yani wale waliokuwa wanatumia lenzi ya Makro-Kilar ya 1955, ambayo ndiyo iliyofungua njia ya makro kwenye kamera za filamu ndogo, wangetuona tunadeka.

Boksi lilipofika nilifurahi kama mtoto siku ya sikukuu, siwezi kukataa. Chuma kitupu, nzito mkononi, ringi inateleza taratibu bila kukwama popote, namba zimechongwa zikajazwa rangi, si za kubandika. Ukiizungusha inarefuka tu inarefuka mpaka unaogopa itachomoka. Adapta nayo ni bomba tupu, haina glasi, kazi yake ni kujaza nafasi, maana lenzi ya M42 inataka ikae milimita 45.46 kutoka kwenye sensa, kile kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera, na kamera za Sony E kama yangu zina 18 tu, hivyo unabaki na bomba la milimita 27 na kitu. Nikafunga. Nikaingia kwenye menyu nikairuhusu kamera ipige hata kama haioni lenzi (usipofanya hivi shata, lile pazia linalofunguka picha ikipigwa, haitoki na utailaani lenzi bure), nikaandika 50 kwenye sehemu ya kuzuia mtikisiko kwa sababu lenzi haina umeme wa kujitambulisha. Nikatoka nje kumtafuta nzi.

Nzi nikampata juu ya jani, asubuhi mapema, baridi bado imemshika hajachangamka, yani mfano wa bure kabisa. Nikaweka apacha, yani tundu la kupitisha mwanga, kwenye f/11 (namba ikikua tundu linakuwa dogo na sehemu kubwa zaidi inashika fokasi). Nikapiga kama thelathini hivi. Narudi kuangalia, kipande kidogo cha jicho ndio kimeshika, mengine yote ukungu, mbawa ukungu, miguu ukungu. Nikasema sawa, nimetikisika. f/16, vilevile. Tripodi, vilevile! Hapo ndio nikaanza kuiangalia spidi ya shata. Kamera ilikuwa inajichagulia spidi yenyewe, sasa mimi nikitoa apacha f/4 nikaipeleka f/16 mwanga unatakiwa upungue mara 16, spidi ishuke mpaka ilalamike. Haikushuka. Imekaa palepale. Nikageuza lenzi nikachungulia kwa mbele, tundu limetoa macho, ringi inasema klik klik klik na ndani hamna kinachotokea.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu kabisa, "Habari ndugu, mzigo nimepokea asante, ila apacha haifungi, naomba msaada." Akasema nimtumie picha aone nimetumia apacha gani. Sasa hebu fikiria, picha iliyopigwa na lenzi isiyo na umeme hairekodi apacha, kwenye taarifa za faili inasoma sifuri au vistari, na mtu anayejiita muuzaji wa lenzi za zamani hilo halijui au anajifanya halijui. Nikamtumia. Jibu lake nimelihifadhi, nanukuu: "Bosi lenzi ni nzima. Tatizo ni mpiga picha." Na kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi.

Ananiita bosi huku ananizaba kofi.

Jamani mimi nimeuziwa vitu vibovu maishani, si mara ya kwanza, lakini kuuziwa mbuzi kwenye gunia halafu ukaambiwa macho ndio mabovu, hilo lilinikata maini. Siku mbili sikumjibu. Nilikuwa nakula naiwaza hiyo sentensi, naoga naiwaza, nikilala naamka na jibu kali zaidi la kumpa halafu asubuhi nalisahau. Usiku wa pili nikaichukua lenzi nikakaa nayo mezani na tochi nikasema leo mimi na wewe.

Na hapa ndipo stori inaponikera zaidi, kwa sababu jamaa alikuwa na ukweli. Nusu. Nyuma ya lenzi, pembeni ya skrubu, kuna kapini kadogo kametokeza kama ncha ya kalamu. Nikakabonyeza kwa kidole, na tundu likafunga. Kumbe! Enzi za filamu lenzi ilikuwa inakaa wazi ili uone vizuri kwenye kioo cha kutazamia, ukibonyeza shata kamera inasukuma hako kapini, tundu linafunga papo hapo, picha inapigwa, linafunguka tena. Kwenye kamera yangu hamna cha kukasukuma. Lenzi nyingine za zamani, kama Takumar, nyingi zina swichi pembeni ya kuchagua otomatiki au kwa mkono, ukiiweka kwa mkono umemaliza kazi, na Helios 44-2 haina kabisa hako kapini, ina ringi mbili unafunga mwenyewe. Yangu swichi haina. Kwa hiyo inahitaji adapta yenye ukingo kwa ndani wa kukakandamiza kapini muda wote.

Basi nikaishika ile adapta nikaichungulia. Ukingo hamna. Bomba laini kama kikombe.

Adapta kaniuzia nani? Yeye! "Unafunga unapiga"! Kwa hiyo lenzi nzima, sawa, nimekubali, ila tatizo ni mpiga picha vipi wakati adapta uliyonipa wewe mwenyewe haiwezi kufanya kazi na lenzi uliyonipa wewe mwenyewe? Nikamwandikia yote hayo kwa urefu na picha ya adapta juu. Akasoma. Kimya.

Nikatafuta adapta nyingine kwingine, yenye ukingo. Ilipokuja nikafunga, nikazungusha, apacha ikafunga, nikataka kulia. Halafu nikaiangalia tena. Inafunga polepole. Yani unazungusha ringi hadi f/16 unahesabu moja, mbili, ndio zile bledi, vipande vyembamba vinavyofunga tundu, zinafika, kama mzee anayeinuka kitini. Tochi tena. Bledi zinang'aa, zina utando wa mafuta. Hii ni kawaida kwa lenzi za umri huu, grisi iliyo kwenye nyuzi za skrubu ya fokasi ikikaa miaka mingi, hasa kwenye joto, inachuja mafuta yanatambaa hadi kwenye bledi. Kawaida, sawa, lakini tangazo lilisema hali ya juu kabisa, na mtu angeweka tochi sekunde tano angeyaona. Kwa hiyo hata ile nusu ya ukweli niliyompa nikamnyang'anya.

Halafu, ngoja, nikamrudishia robo. Maana kwenye kamera ya filamu lenzi hii ingekuwa takataka, tundu lingetakiwa lifunge kufumba na kufumbua kabla shata haijafunguka, bledi zenye mafuta zisingewahi, kila picha ingekuwa imeungua. Ila mimi nafunga kabisa kabla, nasubiri hizo sekunde mbili, ndio natafuta fokasi. Ikifika imefika. Kosa lililoniudhi kuliko yote kwenye kazi yangu halina madhara yoyote, na sijui kama hilo linanifurahisha au linaniudhi zaidi.

Lenzi hii peke yake inafika nusu ya ukubwa halisi wa kitu, yani mdudu wa milimita 10 anaangukia kwenye sensa akiwa na 5. Mi nikataka ukubwa halisi, basi nikaweka bomba la kurefusha la milimita 25 kati ya lenzi na adapta. Hesabu yake rahisi, lenzi ya 50 ikirefuka 50 umefika, yenyewe inatoa 25, bomba linatoa 25. Nikafunga nikazungusha apacha na, mnajua tayari, hamna kitu. Lenzi sasa imekaa kwenye bomba, bomba halina ukingo, kapini kamerudi kutokeza, nimerudi nilikoanzia. Nilicheka peke yangu kwa hasira. Nikachukua gundi, ile ya mirija miwili ya kuchanganya, tone moja kwa ncha ya kijiti, nikakabonyeza kapini nikakagandisha humo humo ndani. Tafadhali msitumie supaglu karibu na lenzi, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye glasi na hapo hata mimi siwezi kukusaidia. Siku iliyofuata apacha inatii ringi, kwa bomba bila bomba. Na ndio nimekumbuka kwamba sasa hata nikitaka kuirudisha siwezi tena, nimeshaitia gundi.

Nikarudi kwa nzi. Si yule, mwingine.

Kwenye ukubwa halisi f/8 inakuwa kama f/16 kwa mwanga unaofika kwenye sensa, maana umerefusha njia, kwa hiyo giza linaingia haraka na nililazimika kuweka flashi pembeni na kipande cha karatasi nyeupe mbele yake. Sehemu inayoshika fokasi ni kama milimita moja hivi, ukipumua vibaya umeikosa. Nilipiga nyingi sana, nyingi mno, na kati ya hizo moja. Moja tu. Jicho lote la nzi, vile vijumba vidogo vimejipanga kama sega la nyuki, wekundu unaoingia kwenye kijani, na nyuma jani limeyeyuka laini bila kelele. Niliikuza kwenye kompyuta nikakaa kimya. Lenzi yenye mafuta kwenye bledi, kapini kamegandishwa kwa gundi, bomba la chuma, na ndio imetoa hii. Nikamwita kila aliyekuwa ndani aje aone jicho la nzi, hakuna aliyefurahi kama mimi.

Usiku huo nikafanya kosa. Nikamtumia muuzaji ile picha. Bila neno lolote, picha tu, nilitaka aone alichokiita tatizo. Yule aliyekaa kimya wiki nzima kwenye malalamiko yangu ya adapta akajibu ndani ya dakika moja:

"Umeona sasa bosi?"

Umeona sasa! Yani ushindi kauchukua yeye! Nilirusha simu kitandani.

Kwa hiyo lenzi, nyota tano, mtu akiniuliza nanunua tena kesho, kwa makro usiogope za zamani kabisa, hata adapta ikiwa imekosewa unene kidogo haikuumizi kwa sababu wewe huendi kupiga milima ya mbali. Ila kabla hujalipa mwambie muuzaji akupe video anazungusha apacha huku tochi inamulika kwa nyuma, na muulize kuhusu kapini, na akikwambia unafunga unapiga kimbia. Huduma, nyota moja. Hapana, huduma sifuri. Ukijumlisha ukagawa ni mbili na nusu, ila mfumo hauna nusu, naweka tatu, na hiyo ya tatu ni ya nzi.

Jana nimeona ameweka mvukuto wa M42, ule wa kukunjuka kama kinanda cha mkono, unakupa kurefusha kadri unavyotaka. "Hali ya juu kabisa." Kwenye picha pembe za mikunjo zimepauka, na hapo ndipo huwa panatoboka. Nimemwandikia azime taa zote, aweke tochi ndani ya mvukuto, azibe pande mbili, anitumie video nione kama mwanga unavuja.

Amesoma. Hajajibu.