Sofa ya Midomo na Kimeza cha Miguu ya Ndege: Nimekaa Navyo Miezi Miwili

Haya jamani, karibuni tena. Mmeshaiona hiyo nyekundu nyuma yangu, na najua wengine mmeanza kucheka. Ni sofa, ndiyo. Midomo ya mwanamke, kona hadi kona inapita mita 2.

Aliyeanza ni Salvador Dalí, mchoraji wa Hispania, mmoja wa wale wasurealisti waliochora ndoto. Miaka ya 1930 alichukua picha ya uso wa Mae West, mwigizaji wa Marekani, akaugeuza sebule: nywele mapazia, macho picha za ukutani, pua mahali pa kuotea moto, midomo sofa. Tajiri wa Uingereza, Edward James, akataka hiyo sofa itengenezwe kweli. Mwaka 1970 Studio 65, kundi la wabunifu wa Turin, Italia, wakabuni ya kwao, Bocca, yaani "mdomo" kwa Kiitaliano, ikatengenezwa na kampuni ya Gufram. Yangu si ya Gufram, tusidanganyane. Ni nakala, na lawama zote ni za nakala.

Kwanza, kuiingiza ndani. Ni kipande kimoja, hakuna skrubu ya kulegeza. Tuling'oa mlango kwenye bawaba.

Sasa angalieni, nakaa. Kila mtu hukimbilia katikati, si ndiyo? Basi hapo ndipo mdomo wa juu umebonyea, mgongo hauna pa kuegemea. Ukisogea pembeni unapata kilima cha kuegemea, lakini taratibu unateleza kurudi katikati. Mkikaa wawili mnabanana mabega. Kwa wachumba, safi. Kwa mtu aliyekuja kudai hela yake, hapana. Mama alipokuja aliizunguka yote, akauliza, "Mwanangu, hapa mtu anakaa wapi?" Akavuta kiti cha plastiki.

Kitambaa ni cha kuvutika, kimebana sponji kama soksi. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona hapo midomo inapokutana? Makombo ya andazi. Natoa kwa mswaki wa zamani.

Lakini hiki kimeza, jamani! Hiki nimekipenda. Aliyebuni cha asili ni Meret Oppenheim, msanii wa kisurealisti aliyekivika kikombe manyoya. Alikibuni 1939: miguu miwili ya ndege, myembamba, na juu ya meza nyayo za ndege, kana kwamba amepita hapo sasa hivi. Nacho ni nakala. Hakiyumbi, chai mbili na sahani vinatosha, na hakuna mgeni aliyeuliza kinatumikaje. Kasoro yake ni moja: chai ikimwagika inatuama kwenye zile nyayo, nafuta kwa pamba ya masikio. Na hivi vidole vya chuma, usipite gizani pekupeku.

Kimeza nawashauri mnunue. Sofa msinunue kama ndiyo ya pekee sebuleni. Yangu inahamia kesho kwenye korido, watu waikalie dakika mbili wakivaa viatu. Fundi anakuja saa nne kung'oa mlango tena.