Lincoln (2012): uigizaji ni moto, historia wameichezea kidogo
Ukiingia ukidhani utaona maisha yote ya Abraham Lincoln, rais wa Marekani, toka utotoni hapana, hii muvi inashika ile miezi ya mwisho tu, Lincoln anahangaika Januari 1865 kutafuta kura bungeni utumwa ufutwe. Daniel Day-Lewis jamani huyu mtu ni hatari, kuna waliolalamika eti ile sauti nyembamba haimfai rais ila waliomsikia Lincoln mwenyewe ndo walivyomwelezea, sauti ya juu wala sio ya kunguruma. Oscar kachukua kihalali kabisa. Tommy Lee Jones kama Thaddeus Stevens, mbunge mpinga utumwa, naye kanivunja mbavu, lile domo lake!

Sasa kwenye historia ndo nina neno. Kura 119 kwa 56 wamepatia, lakini wakaonyesha wabunge wawili wa Connecticut wakisema hapana wakati ukweli wote wanne wa jimbo hilo walisema ndiyo, sasa kuwasingizia marehemu wa nini? Na Frederick Douglass, yule mwanaharakati mweusi aliyepigania utumwa ufutwe, hayupo kabisa, weusi wengi humo wapo wapo tu wakisubiri wazungu waamue, hapo wamenikera sana. Halafu ni masaa mawili na nusu ya maongezi, ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani utaiona kidogo tu mwanzoni, kwahiyo mpenda mabomu tafuta nyingine.