Neno lenyewe ni moja tu, akalivuta kama mpira

Haya ni maoni yangu kuhusu dizaina aliyenichorea bango. Bei na siku za kazi sizigusi, kila dizaina anaziandika mwenyewe. Mimi nina ugomvi na herufi A.

Nilihitaji bango la kubandika kwenye mlango wa chumba cha kusomea, lenye neno moja: KIMYA. Bila picha, bila kidole mdomoni, herufi tupu. Baada ya siku chache bwana huyu akanitumia karatasi mbili zilizojaa vichoro vya penseli, vidogo kama stempu. Vingi vilikuwa vya kawaida. Kimoja kilinikalisha kitako. K imekolea, nene kama nguzo, kisha kila herufi inayofuata inapungua unene mpaka A ya mwisho imebaki kama uzi. Ukilisoma, sauti yako yenyewe inashuka. Tena ile A alikuwa ameisogeza ikaingia kidogo chini ya mkono wa Y, kwa sababu herufi hizo mbili ukizipa nafasi sawa na wenzao panabaki pengo, na jicho linasoma KIMY, halafu A peke yake. Mtu anayeona jambo hilo akiwa bado kwenye penseli anaijua kazi. Siku ile ningempa nyota tano na shukrani juu.

Rasimu ya kwanza ya kompyuta ilitoka safi, ila aliipanga kwa A4 wakati tulikubaliana A2, karatasi kubwa mara nne yake. Akairekebisha. Hapo ndipo nikaufungua mdomo wangu: "Kaka, neno likuze kidogo, lifike karibu na kingo." Ndiyo, niliandika hivyo, sikatai.

Kilichorudi sasa! Hakulikuza, alilivuta. Alishika ubavu mmoja akalitanua, kimo kilekile, upana umezidi. Herufi ukizivuta hivyo, mistari iliyosimama inanenepa na iliyolala inabaki na unene wake wa zamani. Nguzo ya K ikawa ukuta. Miguu ya M ikavimba. Na A yangu, ile ya uzi, imetanua miguu kama ngazi inayoteleza sakafuni, kijistari chake cha katikati kimebaki chembamba vilevile. Ule mnong'ono wa mwisho haupo tena. Bango la kuomba utulivu linapiga kelele mwanzo hadi mwisho.

Nikamweleza, kwa adabu kabisa wakati huo. Jibu: "Dada, umetaka kubwa, nimekupa kubwa. Na marekebisho yako matatu yamekwisha."

Matatu? La kwanza ni kosa lake la A4. La pili ni huu uharibifu. La tatu sijui amelitoa wapi.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwa nyepesi. Karatasi ya A2 ikisimama ina upana wa milimita 420. Ukiilaza unapata 594. Neno lingekua kwa uwiano wake, hakuna herufi inayoumia. Au angetafuta fonti, yaani mtindo wa herufi, yenye sura pana. Mwaka 1957 mchoraji wa herufi Adrian Frutiger alitoa fonti ya Univers ikiwa na sura 21, nyembamba, nene, zilizobanwa, zilizopanuliwa, kila moja imechorwa kivyake. Vitu hivyo vipo miaka yote hii, na mtu bado ananivutia herufi kwa kipanya!

Basi nikaandika hapa nyota moja, na maneno mengine ambayo nimeyafuta.

Nimeyafuta kwa sababu bango lipo mlangoni. Si lile la kompyuta. Nilichukua kile kichoro cha stempu, nikakiskani, nikakikuza na kukichapisha hivyohivyo, na chembe za penseli zake na doa la kifutio pembeni ya M. Juzi nilimsikia mtu akimsomea mwenzake, na kweli alimalizia kwa kunong'ona. Wazo ni la nani? Ni la bwana huyuhuyu. Siwezi kumnyang'anya.

Kwa hiyo, mkitaka vichoro, mtafuteni, hamtajuta. Mkitaka faili la kuchapisha, muwe na mtu mwingine, na msimwambie neno "kubwa". Nimempa nyota tatu. Akinitumia tena ujumbe wa "marekebisho yamekwisha", narudi kupunguza.