Riwaya ya kusoma mara mbili: kagua mgongo kabla ya kutoa hela

Karatasi tatu za mwisho za Kichwamaji yangu, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ziko mahali fulani kati ya Bomang'ombe na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA. Nilikuwa kwenye kosta ya Arusha, abiria wa mbele yangu amefungua dirisha lote, nami nimebakiza kurasa chache. Nikakipanua kitabu kidogo ili nione maneno yaliyomezwa na mkunjo. Gundi ikapasuka, upepo ukafanya yake. Konda akanipa pole, akasema nitanunua kingine.

Kile nilikinunua Moshi mjini kwa shilingi 15,000, kikiwa kimefungwa nailoni, muuzaji akaniapia kwamba ni orijino. Usiku ule nilikiweka chini ya taa. Herufi zina ukungu, mistari ya ukurasa imeinama upande mmoja, jalada limepigwa picha kutoka jalada jingine. Ni fotokopi iliyopakwa gundi mgongoni.

Kinachoniuma zaidi ya pesa ni kwamba nilikuwa nakisoma mara ya pili. Nikiwa sekondari nilimchukia Kazimoto, mhusika mkuu, kwa moyo wote, nikamwona msomi mwenye majivuno asiye na shukrani. Sasa nina watoto, na nilitaka kujua kama nilimwonea. Jibu liko kwenye kurasa za mwisho, na ndizo zilizoondoka.

Kwa hiyo kwa wote mnaoniuliza "dada, ninunue riwaya gani", leo sianzi na hadithi wala umaarufu wa mwandishi. Naanza na mgongo wa kitabu, kwa sababu riwaya nzuri utairudia, na mgongo ndio unaoamua kama kutakuwa na cha kurudia.

Vitabu hufungwa kwa njia mbili kubwa. Vya kushonwa, karatasi kubwa hukunjwa kuwa fungu, mara nyingi la kurasa 16, mafungu yakashonwa kwa uzi ndipo gundi ikapakwa. Vya kubandikwa, mikunjo hukatwa, kila karatasi ikabaki peke yake ikishikwa na gundi tu. Tazama mgongo kwa juu: ukiona vijikunjo vidogo vimejipanga, kimeshonwa, ukiona karatasi zimenyooka kama rimu, kimebandikwa. Riwaya zetu nyingi za jalada laini ni za kubandikwa, na si kosa, ilimradi gundi iwe nzuri. Fungua katikati taratibu na usikilize. Ikilia kama kuni kavu, rudisha.

Kisha pima nafasi ya ndani, ile kati ya maneno na mkunjo. Mimi naweka kidole kidogo: kikigusa maneno, sinunui. Nafasi ikiwa finyu utalazimika kukipanua kitabu kwa nguvu kila ukurasa, na hapo ndipo gundi inapokufa. Angalia pia kama ukurasa unalala wenyewe ukiufungua. Nyuzi za karatasi zikiwa sambamba na mgongo, ukurasa hulala. Zikikatiza, husimama kama kadi, na mikono yako itapigana na kitabu hadi mwisho. Na pekua namba haraka. Kurasa zikikosekana kiwandani hukosekana fungu zima, kwa mfano kutoka 64 hadi 81, na wengi hugundua wakiwa kitandani.

Sasa orodha yangu, ya nilizosoma na kurudia hivi karibuni.

Ya kwanza ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999 kwa wachapishaji Mkuki na Nyota. Nakala yangu imesomwa mara tatu, ikaazimwa na wifi yangu wa Machame, ikarudi na madoa ya chai, na haijaachia karatasi hata moja. Mara ya kwanza nilisoma kwa ajili ya Yasmin, binti aliyeozwa kwa mzee Raza, na mapenzi yake na Denge. Mara ya pili niligundua kwamba anayeishikilia riwaya ile ni Mwajuma wa Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja. Ndiye anayempokea Yasmin pale ndugu zake wanapomfungia mlango, na kila akitokea, ukurasa unapata joto. Nitasema pia nisichokipenda: misukosuko ya Denge na polisi wa kikoloni, ukishajua inaishia wapi, inachosha. Lakini Kiswahili cha Unguja kilivyo mle ndani, nasoma kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni.

Ya pili ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994, ikatafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa hapa 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli. Mkuki na Nyota tena. Mara ya kwanza niliiona nzito, nikaiacha wiki mbili. Mara ya pili nilisoma polepole, na ile sehemu ambapo Yusuf anaachwa kwa Hamid, katika mji ulio chini ya mlima, niliisoma barazani kilele cha Kibo kikiwa wazi asubuhi. Nilisahau kabisa kwamba ni tafsiri. Mtoto anayetolewa na babake kulipia deni, na hakuna anayemwambia kwamba ndivyo ilivyo: hilo mara ya kwanza lilinipita, mara ya pili lilinikaa kooni siku nzima.

Mmeshaona ninakoegemea, na sifichi. Nikikuta matoleo mawili ya kitabu kimoja, nachukua la Mkuki na Nyota hata likizidi elfu tano. Walter Bgoya aliongoza Tanzania Publishing House kabla ya kuanzisha kampuni hiyo 1991, na ukishika vitabu vyao unahisi mkono wa mtu anayejua kwamba kitabu kitashikwa na wengi.

Ya tatu ni Kichwamaji yenyewe, ya Euphrase Kezilahabi, ya 1974. Kwa hadithi tu ingekuwa ya kwanza, maana sijaona riwaya yetu nyingine inayomvua msomi nguo hivi bila kumwonea haya. Nimeishusha kwa sababu moja: nakala safi ni shida kupata huku. Ukiiona yenye herufi kali na mgongo mzima, usiulize punguzo, beba.

Ya nne, Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Kesi ya Karama, mhusika wake mkuu, ni fupi, na kitabu chembamba mgongo wake haupati mateso. Kusema kweli watu wake si watu, ni hotuba zinazotembea, na siirudii kwa ajili yao. Nairudia kwa sentensi.

Za bei ndogo, zile za upelelezi za Elvis Musiba, zenye shujaa Willy Gamba, zilizotumika, utapata kwa elfu mbili au tatu kwa wanaotandika chini. Zina raha ya safari moja. Zilizobanwa kwa pini ziache, pini zikishika kutu zinakata karatasi.

Lililobaki ni wauzaji, nao wananikera kweli. Nimeingia maduka manne mwezi huu, Moshi na Arusha. Yote yamejaa madaftari, kamusi na vitabu vya kujibia mitihani. Ukiuliza riwaya unaulizwa ni ya kidato cha ngapi. Kama haimo kwenye orodha ya shule, haipo, kana kwamba mtu mzima akimaliza shule macho yake yanafungwa. Na zile chache zilizopo zimevalishwa nailoni, ukiomba kufungua unaambiwa "kama hununui usiguse". Nguo tunajaribisha, embe tunabonyeza, simu tunawashiwa. Kwa nini kitabu cha elfu ishirini ninunue bila kukifungua? Nailoni ile ndiyo inayoficha fotokopi. Siku hizi nalipa kwa sharti: nakifungua mbele ya muuzaji, na kikiwa kibovu ananirudishia hapo hapo. Mmoja alikataa. Nikaondoka, na kwake sirudi.

Kama umeshapigwa kama mimi, lakini kurasa zote unazo, usitupe. Mafundi wanaojalidi tasnifu za wanafunzi wa vyuo hukufungia upya kwa jalada gumu. Mimi nililipa elfu sita kwa kitabu kingine kilichoanza kulegea. Mwambie mapema asikipitishe kwenye mashine ya kukatia upande wa mgongo. Akikata hapo anapunguza ile nafasi ya ndani, na maneno yatazama kwenye mkunjo.